Kitabu Kipi Kifuate?

Swali ambalo wapenzi wa vitabu huniuliza mara kwa mara ni fupi: "Nimemaliza hiki, sasa nisome kipi?" Mwulizaji huyo huwa ameona vitabu vitatu vimetandazwa kwenye turubai la muuza vitabu pembeni mwa barabara, na fedha aliyo nayo inatosha kimoja tu. Kimoja ni cha mapenzi. Cha pili ni maisha ya mtu, ameyaandika mwenyewe. Cha tatu ni cha upelelezi. Achukue kipi?

Wengi wetu huchagua kwa jalada. Penye picha ya bastola au ya msichana mzuri, mkono huenda wenyewe. Wengine humfuata mwandishi yule yule: ukimaliza kisa kimoja cha Bwana Msa, unatafuta kingine cha Bwana Msa, mpaka viishe. Hakuna dhambi katika hayo. Lakini leo napenda kutoa rai nyingine. Nasema kitabu kinachofuata kichaguliwe kwa kuangalia kile ulichomaliza kimekuacha na njaa ya nini. Mtu aliyekula wali mkavu hutafuta mchuzi. Hatafuti sahani nyingine ya wali.

Tuanze na upelelezi, maana huo ndio mlango ambao wengi wetu tuliingilia. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, aliyeishi kutoka 1918 hadi 1991, ndiye aliyetufungulia mlango huo. Hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957 na 1958, ikatoka kitabu mwaka 1960. Maiti inakutwa mahali pa mzimu, na watu wako tayari kuamini kwamba wazee wa kale wamekasirika. Anakuja Bwana Msa na kiko chake, na rafiki yake Najum pembeni. Hakimbii, hapigi mtu ngumi. Anauliza, anasikiliza, anatafakari, na mwisho anatuonyesha kwamba aliyeua ni mkono wa binadamu.

Baada yake alikuja Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo mwaka 1965. Mwaka 1974 Elvis Musiba akatuletea Kufa na Kupona, na humo tukakutana na Willy Gamba, mpelelezi wa serikali anayepambana na maadui wa ukombozi wa Afrika. Halafu Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango. Vitabu hivi vilipita mikono mingi mpaka majalada yakachanika. Kabla ya hapo kijana aliyetaka hadithi za aina hiyo alikuwa akitegemea vya Kiingereza, kama vile vya James Hadley Chase, Mwingereza aliyeandika habari za majambazi wa Marekani kwa msaada wa ramani na kamusi za lugha ya mitaani. Katika vya kwetu kijana huyo alikuta mitaa anayoijua na watu wanaosema kama jirani zake.

Sasa, kitabu cha upelelezi kinakupa nini? Kinakufundisha kutomwamini kila anayesema. Kinakuzoeza kuangalia nani ananufaika, nani amenyamaza, nani ametaja saa ambayo haikuulizwa. Hilo ni somo kubwa. Lakini kina upungufu wake. Muuaji akishakamatwa, mambo yamekwisha. Marehemu mwenyewe, ambaye ndiye chanzo cha yote, tunamsahau mapema. Ni nani aliyemlilia? Watoto wake walikula nini mwaka uliofuata? Kitabu hakisemi, na hakikuahidi kusema. Ukikifunga unabaki na hamu ya kumjua mtu aliyeishi kweli, ambaye maisha yake hayakumalizwa na pingu za polisi.

Hapo ndipo ninaposema: baada ya upelelezi, chukua kitabu cha maisha ya mtu. Wataalamu wanaita tawasifu maisha aliyoyaandika mtu mwenyewe, na wasifu yale aliyoandikiwa na mwenzake. Nataka ukichukue wakati huo hasa, ungali na macho ya mpelelezi, kwa sababu vitabu hivi vinayahitaji macho hayo kuliko vingine vyote. Wazee walisema msema pweke hashindwi, na mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Anayeandika maisha yake ni shahidi, lakini ni shahidi katika kesi yake mwenyewe.

Nitoe mfano. Hamed bin Muhammed, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Tippu Tip, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Tippu Tip alifariki Unguja mwaka 1905. Ni kitabu kitamu. Kiswahili chake ni cha mtu mzima anayesimulia barazani bila haraka: safari za bara, vita, pembe za ndovu, mikataba na machifu na Wazungu. Lakini msomaji aliyetoka kwa Bwana Msa atajiuliza mara moja: pembe hizo nzito zilibebwa na nani? Wale watu wanaotajwa kwa mkupuo kana kwamba ni mzigo, majina yao ni yapi? Walifika wapi?

Basi muite shahidi wa pili. Mwaka 1934 James Mbotela alitoa kitabu kinachoitwa Uhuru wa Watumwa. Yeye ni mtoto wa mtu aliyetekwa na kuuzwa, na watu wake ndio waliokwenda kukaa Freretown, Mombasa, kijiji kilichoanzishwa na wamisheni katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Kwa Mbotela, mzigo umepata kinywa. Mambo ambayo kwa mfanyabiashara ni sentensi moja, kwake ni mama aliyetenganishwa na mwanawe.

Je, basi tumwamini Mbotela kwa kila neno? La, naye ana upande wake. Anawasifu Waingereza waliowakomboa wazee wake mpaka sifa zinapita kiasi, na hatuambii ya kutosha kwamba mabwana hao hao walikuwa wamegeuka watawala wa nchi. Kwa hiyo msomaji ana mashahidi wawili, kila mmoja na lake, na hukumu iko mikononi mwake. Ndugu msikilizaji, hili si jambo la kujifurahisha tu. Watu wetu bado wanabishana juu ya utumwa, nani aliuza na nani aliuzwa, na mara nyingi wanaobishana kwa sauti kubwa hawakuwahi kumsoma hata shahidi mmoja.

Si kila tawasifu ni kesi nzito kama hiyo. Shaaban Robert alituachia Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, kitabu cha mtu aliyefanya kazi ya ukarani chini ya wakoloni huku akijenga lugha ya taifa zima. Ni yeye pia aliyeandika wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke aliyeanza kwa kuuza vyungu mitaani Unguja na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo. Karibu na zama hizi, Adam Shafi alitoa Mbali na Nyumbani mwaka 2013, na Rais mstaafu Ali Hassan Mwinyi akatoa Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu mwaka 2021, chini ya miaka mitatu kabla ya kufariki. Nilifurahi sana kuona kiongozi wa ngazi ile ameamua kusimulia kwa Kiswahili, ili mkulima naye aweze kumhoji kama tulivyomhoji Tippu Tip.

Lakini vitabu vya maisha navyo vina njaa vinayoiacha. Watu wakubwa wanaposimulia maisha yao, vyeo huchukua kurasa nyingi na moyo huchukua mistari miwili. "Mwaka huo nilioa." Basi, nukta, tunarudi kwenye mikutano. Shaaban Robert ni mmoja wa wachache wasiofanya hivyo. Alipofiwa na mkewe Amina hakuona haya kumlilia kwa shairi ndani ya kitabu chake, na kwa ajili ya watoto wake akaweka humo tenzi za mawaidha. Wengine wengi wameufunga mlango huo, na aliyebaki nje anataka kujua: huyu mtu alipenda? Alipendwa? Alikosana na nani usiku wa manane?

Hapo sasa, usione haya, chukua kitabu cha mapenzi.

Najua yatakayosemwa. Vitabu vya mapenzi vinaharibu vijana. Nimeyasikia kwa wazazi, nimeyasikia kwa walimu, nami sisemi kwamba kila kitabu chenye moyo mwekundu juu ya jalada ni kizuri. Vipo visivyo na kitu ndani ila mate ya mwandishi. Lakini tumkumbuke Euphrase Kezilahabi. Rosa Mistika yake ilipotoka mwaka 1971 ilizuiwa mashuleni, eti ni matusi. Ndani yake kuna nini? Kuna baba, Zakaria, anayempiga binti yake vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana, halafu binti huyo anakwenda kwenye dunia bila kujua lolote juu ya wanaume, na dunia inammaliza. Kitabu kilichoonya juu ya hatari ya kuwafungia mabinti katika ujinga, sisi tukakifungia! Miaka ilipita ndipo kikaja kusomwa madarasani. Kezilahabi alifariki mwaka 2020, na kitabu chake kingali kinasomwa.

Au chukua Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka 1999 na kufanywa filamu na Amil Shivji mwaka 2021. Yasmin ni msichana wa Kihindi wa Unguja ya miaka ya 1950, ameozwa kwa mwanamume wa rika la baba yake. Anatoroka, anakimbilia Ng'ambo kwa rafiki yake Mwajuma, na huko anampenda Denge, kijana anayesakwa na serikali ya kikoloni kwa siasa zake. Ni kitabu cha mapenzi, ndiyo. Lakini ukikisoma utaelewa ukoloni ulivyoingia mpaka chumbani, na mipaka ya rangi na kabila ilivyopita katikati ya mioyo ya watu, jambo ambalo hotuba kumi za siasa zisingekueleza. Tena ukiwa umesoma Mbali na Nyumbani kabla yake, utakuwa umeshamjua aliyeandika: kijana wa Unguja aliyetoka kwao akitafuta elimu, na ambaye baadaye, baada ya kuuawa kwa Rais Karume mwaka 1972, naye alionja jela.

Na kitabu cha mapenzi kinaacha njaa gani? Kinakuacha umezama katika watu wawili mpaka umesahau mtaa. Ukikifunga unataka hewa, unataka maiti na mashaka na mtu mwenye kiko anayesema, "Hebu tungoje kwanza." Umerudi kwa Bwana Msa. Mzunguko umekamilika, unaanza tena.

Sasa nieleze kwa nini nasisitiza jambo ambalo kwa wengine ni la starehe tu. Anayesoma upelelezi peke yake huzoea kudhani kila tatizo lina mwovu mmoja, na kwamba mwovu huyo akikamatwa nchi itatulia. Anayesoma maisha ya wakubwa peke yake hudhani historia yote ilitendwa na watu kumi. Na anayesoma mapenzi peke yake hungoja moyo umtatulie mambo yanayotaka akili na fedha. Watu wa namna hiyo tunao, na tunapiga kura pamoja nao, tunaoana nao, tunakaa nao kwenye mabaraza ya kesi.

Kuhusu fedha, maana nimesema mfuko unatosha kimoja. Tafuteni watu watatu, kila mmoja anunue chake, halafu mbadilishane kwa zamu. Mtakuwa mmesoma vitatu kwa bei ya kimoja, na mtakuwa na wa kubishana naye, jambo ambalo ni nusu ya utamu. Kabla ya kununua, soma kurasa mbili tatu umesimama hapo hapo. Muuzaji akinuna, mwache anune. Na mzazi mwenye kijana anayekesha na vitabu vya upelelezi, usimnyang'anye. Mpe pole pole kitabu cha maisha ya mtu, umwambie: "Huyu naye mhoji."

Kwa hiyo ndugu yangu uliyesimama mbele ya turubai, kabla hujanyoosha mkono jiulize kile ulichofunga jana usiku kilikuacha unataka kujua nini. Jibu lake ndilo jina la kitabu cha kununua.