SHA Ifuate Kalenda ya Shamba

Msikilizaji, tangu SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii ya Kenya, ichukue nafasi ya NHIF, bima ya zamani ya hospitali, tarehe 1 Oktoba 2024, kuna swali linaloulizwa na wakulima wa Meru na Embu, kutoka Maua hadi Kiritiri: pesa za mchango wa mwaka mzima nitazitoa wapi kwa mpigo?

Sheria ya 2023, pamoja na kanuni zake, inataka mchango wa asilimia 2.75 ya kipato. Mwenye mshahara hukatwa kila mwezi. Asiye na mshahara huulizwa maswali, ama kwenye simu kupitia *147#, ama na mhudumu wa afya ya jamii aliyefika nyumbani: ukuta ni wa nini, paa je, choo kikoje, mnapikia nini? Kutokana na majibu hayo mtambo hukadiria kipato, kisha mtu hutakiwa kulipia mwaka. Kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 zikitolewa pamoja.

Sasa twende Igembe, Meru. Huko ziko nyumba za mawe zilizojengwa miraa ilipokuwa ikisafirishwa kwa ndege hadi London. Juni 2014 Uingereza ikaipiga marufuku. Machi 2020 Somalia nayo ikafunga soko, isilifungue hadi Julai 2022. Mapato yalianguka, kuta zikabaki zimesimama, na ni kuta hizo mtambo unazoziulizia. Kule Mbeere, Embu, wakulima wa muguka, aina ya miraa, walikaa tumbo joto wasijue kesho watauza wapi, kaunti za Mombasa na Kilifi zilipotangaza kuupiga marufuku Mei 2024. Mtu wa namna hiyo unamkadiriaje kwa bati lake?

Mkulima wa majani chai wa Imenti, Meru, hulipwa kila mwezi, na donge kubwa hulipata wakati wa bonasi, Oktoba. Wa kahawa, pale Runyenjes au Manyatta huko Embu, husubiri chama cha ushirika kiuze ndipo alipwe. Mwenye muguka hushika pesa kila anapochuma. Watatu hawa wote wanaweza kuchangia. Kinachowashinda ni tarehe.

Mwaka 2025 serikali ilileta Lipa SHA Pole Pole ili watu walipe kidogo kidogo. Ni hatua njema, na naiunga mkono. Lakini bado inamwachia mkulima kazi ya kukumbuka na kufuatilia, hali kiwanda cha chai kinamkata pesa za mbolea bila yeye kupiga simu yoyote. Kwa nini mchango wa SHA usipitie mlango huohuo? Mkulima akubali kwa saini yake, kiwanda au ushirika ukate, risiti imfikie kwenye simu.

Kuna waliochagua njia nyingine. Wamarekani, chini ya sheria yao ya afya ya 2010, waliruhusu majimbo kuendesha masoko ya bima ambako kampuni hushindana na serikali humpunguzia gharama mwenye kipato kidogo. Sisi tumechagua mfuko mmoja wa bima, na naamini tulichagua vyema, maana kampuni nyingi hazingekimbilia mgonjwa wa Ishiara. Ila mfuko mmoja ukimshinda mkulima, hana duka la pili la kwenda.

Na anayeachwa nje huumia kweli. Zahanati na kituo cha afya humhudumia bila malipo, kwa kuwa gharama hiyo iko kwenye mfuko wa afya ya msingi. Akihitaji kulazwa au kupasuliwa katika hospitali ya rufaa, Meru au Embu, huambiwa amalize kwanza mchango wa mwaka. Ndipo ng'ombe huuzwa kwa bei ya kutupa, au jamaa huitisha harambee mgonjwa akiwa tayari kitandani.

Wakenya zaidi ya milioni 20 wamejisajili. Kujisajili peke yake hakulipi kitanda cha wodi. Magavana wa Meru na Embu, viongozi wa ushirika, wakurugenzi wa viwanda vya chai na maafisa wa SHA wanafahamiana. Wakae meza moja sasa, mkataba wa kukata michango uwe tayari kabla bonasi ijayo haijaingia kwenye akaunti za wakulima.