DAKIKA ZINAPOTELEA WAPI?
Maneno juu ya betri za vigari vya rimoti

(Hotuba hii ilitolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, mbele ya wanachama, walimu na wanafunzi. Inachapishwa kwa ombi la wanafunzi wenyewe.)



Nashukuru kwa kupewa nafasi hii, ingawa sote twajua kwamba saa ya baada ya pilau si rafiki wa msemaji yeyote. Nitajitahidi nisiwachoshe.

Mbele ya mkutano huu kuna barua ya Klabu ya Sayansi ya shule. Vijana wanaomba chama chetu kiwanunulie betri nne kubwa zaidi kwa ajili ya vile vigari viwili vya rimoti walivyopewa na wenzetu. Sababu yao ni kwamba kigari hukimbia dakika chache tu kisha kinalegea, na huku nyuma kuna foleni ndefu ya wanafunzi wanaongojea zamu. Sababu hiyo ni ya haki kabisa. Lakini jana mchana nilikaa nao maabara, tukakifungua kigari kimoja mpaka skrubu ya mwisho, na leo nimesimama kuuomba mkutano usilipitishe ombi hilo kama lilivyo. Fedha zitoke, ila zifanye kazi nyingine.

Najua wako wazee hapa wanaonong'ona kwamba huu ni mchezo wa watoto. Mimi kazi yangu ya kila siku ni kusuka mota za mashine, na nawaambieni kwamba yote yaliyomo katika kigari kile yamo pia katika pampu ya maji na katika kinu cha kusaga. Tofauti ni kwamba kigari kikiungua hasara yake ni ndogo. Ni mahali pa bei nafuu pa kujifunzia.

Tuanze na betri yenyewe, maana hapo ndipo kila mtu anapoanza. Kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa kigari chake cha kwanza cha umeme cha kuongozwa kwa redio, Porsche 934, mwaka 1976. Vigari vingi vya miaka iliyofuata vilitumia betri ya nikeli na kadimi yenye seli 6, yaani volti 7.2, na ujazo wa miliampia-saa 1200 hivi. Zidisha volti kwa ampia-saa, utapata wati-saa 8.64. Hiyo ndiyo chakula chote cha kigari. Tena sehemu ya chakula hicho ilimwagwa njiani, kwa sababu ulipotaka kwenda polepole umeme ulipitishwa katika kipande cha ukinzani kilichogeuza ziada kuwa joto. Kidhibiti mwendo cha siku hizi hukata na kuunga umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na upotevu ule karibu wote umekwisha.

Sasa betri ya klabu ni ya lithiamu-polima, seli 2, volti 7.4, miliampia-saa 3000. Hizo ni wati-saa 22.2, zaidi ya mara mbili na nusu ya betri ya zamani. Kwa hiyo vijana hawa hawana njaa. Wana chakula kingi kuliko walichokuwa nacho watu waliocheza mchezo huu miaka ya 1980, na bado kigari kinachoka upesi. Basi swali la kuuliza ni chakula kinakwenda wapi.

Kinakwenda kwenye joto. Ukikiendesha kigari kile kwa dakika nane kisha ukagusa mota, utaondoa kidole haraka. Joto hilo ni betri yenu. Mlilipia umeme wake, mkangoja chaja iujaze, na sasa unapasha hewa.

Hapa naomba vijana wa kidato cha tatu na kuendelea wanisikilize vizuri, kwa kuwa ndipo penye kiini cha habari. Mota ikizunguka, yenyewe huzalisha volti ndogo inayosukuma kinyume na betri. Kadiri inavyozunguka upesi, ndivyo volti hiyo inavyopanda na mkondo unavyopungua. Mota iliyoshikwa isizunguke haina cha kuipinga betri. Hunywa mkondo mkubwa kuliko wakati wowote, na wote huwa joto. Mota inayozunguka kwa nusu ya mwendo wake wa bure hupoteza kama nusu ya umeme. Ile inayozunguka karibu na mwendo wake wa bure hupoteza kidogo tu. Kwa maneno mengine, mota haipendi kuzungushwa polepole chini ya mzigo. Inapenda kukimbia.

Nini huamua mota ikimbie au ijikokote? Gia. Jana tulikuta mtu amebadilisha ile gia ndogo iliyo kwenye ekseli ya mota, akatia yenye meno 20 mahali pa meno 16, ili kigari kiwe na kasi zaidi. Gia kubwa inayoizungusha ina meno 80. Hapo mwanzo mota ilizunguka mara 5 kwa kila mzunguko mmoja wa gia kubwa. Sasa inazunguka mara 4. Katika sakafu laini na njia iliyonyooka, kweli mwendo unaongezeka. Lakini kiwanja chetu kina mchanga, na kila kona mota inaanza upya kuvuta mzigo mkubwa kwa mwendo mdogo, jambo lile lile lisilolipenda. Kila anayesuka mota ameliona hilo kwa wateja wake: mtu anabadilisha puli ili pampu iende kasi, kisha anarudi na mota inayonuka.

Na hapa ndipo ninapoogopa zile betri kubwa. Kwa sasa betri inakwisha kabla mota haijaungua. Ukitia betri yenye ujazo mara mbili bila kugusa gia, umeipa mota ile ile muda mara mbili wa kujichoma. Mkitaka kipimo, ikipita nyuzi 80 za sentigredi simamisheni. Joto likizidi, sumaku hudhoofika na varnishi ya waya huharibika, na hapo barua ijayo itakuwa ya kuomba mota.

Sisemi kwamba betri kubwa haiongezi dakika. Inaongeza. Lakini hebu tufanye hesabu ndogo. Tuseme mmekiendesha kigari kwa dakika 5 barabara, kwa saa ya mkononi, kisha mkairudisha betri kwenye chaja. Chaja yenu ina kioo kinachoonyesha imerudisha miliampia-saa ngapi. Tuseme imerudisha 1200. Betri ya 3000 haifai kutumiwa zaidi ya asilimia 80, yaani 2400, kwa hiyo mna dakika 10. Sasa tuseme mmerekebisha gia na magurudumu, mkapima tena dakika zile zile 5 katika kiwanja kile kile, chaja ikarudisha 900. Dakika zenu zimekuwa 13 na sekunde 20. Ni sawa na kununua betri ya 4000, nanyi hamkununua kitu ila gia ya meno 16.

Njia hiyo ya kupima ndiyo zawadi kubwa ninayotaka kuiacha hapa. Badilisheni kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kimbizeni dakika 5, andikeni daftarini. Msimsikilize anayesema "naona kinaenda vizuri zaidi." Chaja haina upendeleo.

Tuliyoyakuta mengine ni ya kawaida, nitayapita mbio. Gurudumu moja la nyuma lilikuwa gumu kuzunguka kwa kidole. Bushi zake za plastiki zimelika na zimejaa mchanga. Zitolewe, ziwekwe beringi zenye vifuniko. Gia zilikuwa zimebanana mno. Weka kipande cha karatasi nyembamba katikati ya gia mbili, zisukume zikutane, kaza skrubu, kisha zungusha utoe karatasi. Nafasi iliyobaki ndiyo inayotakiwa.

Plagi ya betri ilikuwa imebadilika rangi kwa joto. Hilo nisilipite mbio. Joto katika plagi au waya hufuata mkondo mara mkondo mara ukinzani. Plagi iliyolegea yenye ukinzani wa omu 0.02 haionekani kuwa na kosa. Ikipitisha ampia 15 hupoteza wati 4.5. Ikipitisha ampia 30 hupoteza wati 18, mara nne, si mara mbili. Kwa hiyo anayeendesha kwa pupa haadhibiwi kwa mstari ulionyooka. Plagi hiyo ikatwe, itiwe nyingine nene zaidi, na ichomelewe kwa risasi na mtu anayejua kuchomelea.

Nimetaja pupa, basi nimseme dereva naye. Kigari chenye uzito wa kilo 1.5 kikifika mwendo wa mita 10 kwa sekunde kinabeba jouli 75. Ukipiga breki, zote zinapotea. Ukifanya hivyo mara 10 kila dakika kwa dakika 10, umetupa jouli 7,500. Na kwa kuwa mota nayo inapoteza kama nusu wakati wa kuanza, betri imetoa 15,000. Betri yenu nzima ina jouli kama 80,000. Karibu sehemu moja ya tano imekwenda kwenye breki. Ukifika mita 20 kwa sekunde hasara ya kila breki ni mara nne, kwa sababu nishati hufuata mwendo kwa kipeo cha pili. Dereva anayeachia rimoti mapema kabla ya kona, akakiacha kigari kijiviringishe chenyewe, humaliza mizunguko mingi kuliko yule anayekimbia na kusimama kama daladala.

Sasa jambo ambalo sitalifanyia mzaha. Katika kabati la maabara nimeona betri moja imevimba kama andazi. Wapo wanafunzi walionieleza, kwa uaminifu ninaousifu, kwamba kidhibiti mwendo kilikuwa kinakata umeme mapema, nao wakazima kile kinga ili wapate dakika zaidi. Vijana wangu, dakika hizo hazipo. Seli ya lithiamu iliyojaa ina volti 4.2. Ikifika karibu 3.3 kilichobaki ni kidogo mno, na ikishuka chini ya 3.0 inaanza kuharibika ndani. Ukiichaji tena baada ya hapo inaweza kushika moto, na moto wake ni mkali, wa ghafla, wenye moshi wa sumu. Nimeambiwa pia kwamba betri zimewahi kuchajiwa bwenini usiku, chini ya kitanda. Katika bweni lile hulala vijana wengi, na mlango tunaujua ni mmoja. Hilo likome leo.

Betri iliyovimba isichajiwe, isitobolewe, isitupwe jalalani wala katika moto wa jikoni. Iwekwe nje ndani ya ndoo ya mchanga mpaka mwalimu wa fizikia aiondoe. Nyingine zichajiwe maabara, juu ya sakafu ya saruji, mtu akiwapo tangu mwanzo hadi mwisho, kwa chaja inayosawazisha seli, na kwa mkondo usiozidi ampia 3 kwa betri ya 3000. Shule ikifunga, msiziache zimejaa wala tupu: kila seli iwe kwenye volti 3.8 hivi, mahali penye ubaridi. Joto la dirisha la maabara mwezi wa Desemba linatosha kuizeesha betri iliyojaa. Nadhani betri nyingi za klabu hii zimekufa wakati wa likizo, ninyi mkiwa nyumbani.

Basi, Ndugu Mwenyekiti, napendekeza hivi. Badala ya betri nne, chama kinunue betri moja ya kushika nafasi ya ile iliyovimba, ya ujazo ule ule. Kinunue gia ndogo tatu za meno 14, 15 na 16, seti mbili za beringi, plagi mpya, kipima joto cha kuelekeza, mifuko miwili isiyoshika moto ya kuchajia, na ndoo ya mchanga, ambayo mchanga wake tunao bure. Baada ya muhula mmoja klabu itusomee daftari lake la vipimo. Ikiwa baada ya hapo dakika bado hazitoshi, mimi mwenyewe nitaliunga mkono ombi la betri kubwa, maana wakati huo zitakuwa zinaendesha magurudumu.

Kigari kipo hapa mezani, kimefungwa tena na kina gia ya meno 16. Anayetaka kuuliza aulize, na vijana wawili wa klabu wako tayari kwenda kiwanjani na saa.