Machela, Gari na Amri ya Kuondoka: Usafirishaji wa Majeruhi na Wagonjwa Vitani na Wakati wa Amani, kwa Kuitazama Njia ya Ufiome

Historia ya gari la wagonjwa imezoeleka kusimuliwa kama historia ya chombo, kwamba palikuwa na machela, likaja gari la farasi, likafuata gari la injini na mwishowe ndege, kila kimoja kikiwa bora kuliko kilichotangulia. Masimulizi hayo yana ukweli wake, lakini yanaacha nje jambo ambalo kwa mkoa kama Manyara, wenye watu karibu milioni 1.9 kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022 na eneo la zaidi ya kilomita za mraba 44,000, ndilo lenye uzito zaidi: nani ana mamlaka ya kuamuru chombo kiondoke, nani anagharamia safari, na nani anahesabiwa kuwa mgonjwa anayestahili kubebwa. Mhadhara huu unayafuata maswali hayo kutoka medani za vita za Ulaya na Marekani hadi Ufiome, yaani nchi ya Wagorowa inayouzunguka mji wa Babati, ambako mwaka 1916 yalijibiwa kwa gharama kubwa ya maisha ya watu.

Kabla ya mwisho wa karne ya 18 majeshi ya Ulaya hayakuwa na utaratibu wa kumtoa majeruhi uwanjani wakati mapigano yanaendelea. Kanuni za jeshi la Ufaransa ziliagiza hospitali za muda zikae kilomita nne au tano nyuma ya jeshi, na mikokoteni yake mizito ilisogea mbele baada ya vita kwisha, ilhali aliyevunjika paja alikuwa ameshalala chini kutwa nzima au zaidi. Daktari mpasuaji Dominique-Jean Larrey, aliyejiunga na Jeshi la Rhine mwaka 1792, alitazama jinsi mizinga mepesi iliyokokotwa na farasi ilivyohama upesi kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine, akataka majeruhi nao wahamishwe kwa wepesi huohuo. Magari yake yalikuwa madogo, ya magurudumu mawili na farasi wawili au ya magurudumu manne na farasi wanne, na yalifuatana na wapasuaji, kwa hiyo tiba ilianza palepale mtu alipoangukia. Kwa Larrey pia ndipo ulipopata nguvu utaratibu wa kuwapanga majeruhi kwa uzito wa majeraha yao, yaani kumhudumia kwanza aliye katika hatari kubwa zaidi pasipo kuangalia cheo chake wala jeshi alilotoka, utaratibu ambao hadi leo ndio unaomfanya mhudumu wa mapokezi ya dharura ampitishe mtoto anayetweta mbele ya mheshimiwa mwenye kidole kilichokatika.

Hatua iliyofuata haikuhusu gari hata kidogo. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Jeshi la Muungano lilikuwa na magari ya kubebea majeruhi, ila yalikuwa chini ya idara ya ugavi, na maofisa wa ugavi waliyatumia kubebea mizigo yao walipoona inafaa. Baada ya mapigano ya pili ya Bull Run, Agosti 1862, kuna majeruhi waliokaa uwanjani karibu wiki nzima. Daktari Jonathan Letterman, mkuu wa tiba wa Jeshi la Potomac, mwezi huohuo aliyaondoa magari ya jeshi lake mikononi mwa ugavi, akayaweka chini ya madaktari, akayapa askari wake maalumu waliofunzwa kubeba, na kupiga marufuku kuyatumia kwa kazi nyingine yoyote. Wiki chache baadaye, katika mapigano ya Antietam ya tarehe 17 Septemba 1862, majeruhi kwa maelfu waliondolewa uwanjani katika muda wa takriban saa 24, na mwaka 1864 Bunge la Marekani liliufanya utaratibu huo kuwa sheria. Msomaji aliyewahi kuliona gari la wagonjwa limepakia mifuko ya saruji, au limeegeshwa nje ya ukumbi wa mkutano wa siasa, hahitaji kuelezwa Letterman alikuwa anapambana na kitu gani.

Mwaka huohuo wa 1864, tarehe 22 Agosti, mataifa kadhaa ya Ulaya yalitia saini Mkataba wa Geneva, uliotokana na juhudi za Henry Dunant, mfanyabiashara wa Uswisi aliyeshuhudia majeruhi walivyotelekezwa huko Solferino mwaka 1859. Mkataba ulitamka kwamba magari na hospitali za kijeshi hazina upande, na ukaweka alama ya msalaba mwekundu juu ya kitambaa cheupe ili kila jeshi lijue kwamba hapo hapapigwi risasi. Kwa hiyo vita vya Ulaya vilipoingia Afrika Mashariki, Agosti 1914, mafundisho ya Larrey, ya Letterman na ya Dunant yote yalikuwa yameshaandikwa katika vitabu vya majeshi yaliyokuja kupigana.

Mwanzoni mwa Aprili 1916, kikosi cha Jenerali Jacob van Deventer wa Afrika Kusini, chini ya amri kuu ya Jenerali Jan Smuts, kilitoka upande wa Arusha, kikaiteka Lolkisale, kikafika Ufiome katikati ya mwezi, na tarehe 19 Aprili kikaingia Kondoa Irangi. Kwa ramani ulikuwa ushindi wa haraka. Masika yalikuwa yameshaanza, hata hivyo, na udongo mweusi wa mbugani uligeuka tope lililozamisha magurudumu hadi kwenye ekseli, wakati farasi wa kikosi hicho walikufa kwa wingi kwa maradhi, mojawapo likiwa nagana, ugonjwa wa wanyama unaoenezwa na mbung'o. Vikosi vya tiba vilivyofuatana na jeshi vilikuwa na magari ya kukokotwa na ng'ombe na nyumbu pamoja na magari mepesi ya injini, lakini hakuna lililoweza kupita. Kwa majuma kadhaa jeshi lililokuwa Kondoa liliishi kwa chakula kilichopatikana huko, pamoja na kile kilicholetwa na wapagazi kwa miguu kutoka Lolkisale, mwendo wa maili 120, au kilomita 190 hivi, kupitia nchi hii ya Ufiome.

Yafaa kukaa kidogo kwenye hesabu ya njia hiyo. Machela ni miti miwili iliyopitishwa katika turubai au blanketi, ikabebwa mabegani na watu wanne, na kwa kuwa hakuna wanne wanaoweza kubeba mtu mzima siku nzima juu ya njia ya tope, kila mgonjwa alihitaji wanane wa kupokezana. Tukichukulia kwamba walikwenda kilomita 20 kwa siku, safari ya kilomita 190 inakuwa ya siku tisa hadi kumi, na tukichukulia kilo moja ya unga kwa kila mbebaji kwa siku, kumtoa mgonjwa mmoja na kurudi kunakula zaidi ya kilo 150. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa ratili 50 hadi 60, karibu kilo 25, maana yake chakula cha wabebaji wa mgonjwa mmoja ni mizigo sita. Kwa mkuu wa jeshi ambaye askari wake walikuwa na njaa mbele ya Kondoa, ambako Wajerumani walishambulia mwezi Mei, kila machela iliyorudi kaskazini ilishindana na chakula kilichokwenda kusini. Ndiyo sababu mara nyingi mgonjwa aliachwa atibiwe pale alipoangukia, katika hospitali ya muda, akisubiri njia ikauke.

Upande wa Wajerumani uliamua vivyo hivyo kwa ukali zaidi. Paul von Lettow-Vorbeck alipokaribia kuvuka Mto Ruvuma kuingia Msumbiji, Novemba 1917, aliwaacha nyuma mamia ya wagonjwa na majeruhi ili Waingereza wawachukue, akaendelea na wale walioweza kutembea. Kisheria Mkataba wa Geneva uliwalinda walioachwa. Kijeshi ulimpunguzia jenerali mzigo.

Aliyebaki nje ya hesabu zote ni aliyebeba. Waingereza peke yao waliwatumia Waafrika wapatao milioni moja kama wapagazi na vibarua katika vita hivyo, na kumbukumbu za kiserikali zenyewe zinakiri vifo vya zaidi ya 95,000, wengi wao wakiuawa na kuhara damu, homa ya mapafu na malaria, wachache tu wakiuawa na risasi. Mpagazi alibeba machela ya askari, lakini yeye alipougua njiani haikuwapo machela yake, wala jina lake mara nyingi halikuandikwa. Hospitali za wapagazi zilikuja, zikiwa chache na zimechelewa. Jambo la kupendeza katika habari hii ngumu lilitoka Uganda, ambako mwaka 1917 kiliundwa kikosi cha tiba cha Waafrika, chini ya Meja G. J. Keane, kikiwa na vijana waliosoma shule za misheni, nao wakafunzwa uuguzi na kubeba majeruhi. Hapo mbebaji alitambuliwa kuwa mtu wa tiba, jambo ambalo madereva wengi wa magari ya wagonjwa wa leo wangali wanalisubiri.

Mijini wakati wa amani mambo yalikwenda upesi. Cincinnati ilikuwa na gari la hospitali mwaka 1865, Bellevue ya New York mwaka 1869 chini ya daktari aliyetumikia vita vilevile vya Letterman, London ikaanzisha namba ya simu 999 mwaka 1937, na huko Pittsburgh, kuanzia mwaka 1967, vijana Weusi wa mtaa maskini walifunzwa kutoa tiba ndani ya gari kwa kiwango ambacho miji mingi ya matajiri haikuwa nacho.

Vijijini Afrika Mashariki begani hapakuachwa. Katika Kigezi na Ankole, kusini-magharibi mwa Uganda, wanakijiji waliunda vyama vya engozi, yaani machela iliyosukwa kwa miti na nyuzi, ambapo kila kaya ilitoa mchango na zamu ya kubeba, na asiyefika zamu alitozwa faini. Kwa mizani ya maswali matatu ya mhadhara huu, chama cha engozi kilikuwa kimekamilika kuliko kikosi cha van Deventer: mwenye kuamuru alijulikana, gharama ilikuwa imeshachangwa kabla ya ugonjwa, na kila mwanachama, tajiri au maskini, alistahili kubebwa.

Anga nayo ilileta jibu la aina yake. Mwaka 1957 wapasuaji Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees walianzisha huduma ya madaktari warukao, ambayo baadaye ilijulikana kama AMREF, wakitumia ndege ndogo na redio kuzifikia hospitali za mbali kutoka Nairobi. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa na wamisheni wa Norway mwaka 1955 katika nyanda za Mbulu, ni miongoni mwa zilizojifunza thamani ya kiwanja cha ndege mahali ambapo mvua hufunga barabara. Ndege, hata hivyo, humchukua mgonjwa hospitalini. Kumfikisha hospitali kutoka nyumbani ni safari nyingine, na ndiyo inayoua.

Watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliieleza hali hiyo mwaka 1994 kwa nadharia ya ucheleweshaji wa aina tatu kwa mama mjamzito: kuchelewa kuamua kutafuta tiba, kuchelewa kufika kwenye kituo, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Nchini Tanzania gari la wagonjwa kwa miaka mingi limehudumia zaidi rufaa, yaani kumhamisha mgonjwa kutoka zahanati au kituo cha afya kwenda hospitali, huku hatua ya kwanza ikiachiwa familia. Mama wa Bashnet, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, ameteremka kuelekea Dareda akiwa ameketi kwenye bodaboda katikati ya dereva na wifi yake, na malalamiko ya ndugu kuambiwa wachangie mafuta yamesikika nchi nzima.

Ndipo mfumo wa m-mama unapostahili kutazamwa kwa makini. Ulianza kwa majaribio kanda ya Ziwa, Sengerema na Shinyanga, na ulizinduliwa kitaifa mwaka 2022. Mhudumu wa afya au ndugu hupiga namba 115 bila malipo, anayepokea katika kituo cha mkoa hupima hali ya mama au mtoto mchanga kwa maswali aliyopangiwa, kisha humtafuta aliye karibu: ikiwa ni gari la wagonjwa, huliita, ikiwa halipo, humwita dereva wa kijamii, mwenye gari la kawaida aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Amri imetolewa mikononi mwa mwenye gari na kupewa anayejua ugonjwa, kama Letterman alivyotaka, na gharama imetangulia ugonjwa, kama walivyofanya wa Kigezi. Vifo vya uzazi vilivyokuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa kitaifa wa 2015/16 vilishuka hadi 104 katika ule wa 2022. Mshuko huo una sababu nyingi na ulitangulia kuenea kwa m-mama, kwa hiyo isifanywe kuwa sifa ya mfumo mmoja.

Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, yenye urefu wa kilomita 251, iliyozinduliwa mwaka 2018, imelifuta tope la 1916, na tarehe 3 Desemba 2023, mlima Hanang ulipoporomosha matope juu ya Katesh na vijiji jirani na kuua watu zaidi ya 80, majeruhi waliweza kuletwa hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Babati. Lami hiyohiyo imeongeza mwendo wa magari, na mwendo umeongeza majeruhi. Mfumo wa 115 ulijengwa kwa ajili ya mama na mtoto mchanga. Kijana wa bodaboda aliyegongwa Minjingu au Bonga kwa kawaida bado huinuliwa na wapita njia na kuondoka kwa gari lolote lililosimama, shingo ikining'inia, bila aliyefunzwa kumshika. Halmashauri za Babati, Mji na Wilaya, zina madereva, zina vijana wa bodaboda wenye vyama vyao, na zina kituo cha simu kinachokesha. Ziwafunze hao huduma ya kwanza, zitenge mafuta yasiyoguswa kwa shughuli nyingine, na zipeleke maombi wizarani kwamba majeruhi wa barabarani naye aingizwe katika orodha ya wanaoitiwa gari kwa namba hiyo.