Tarakimu Ishirini na Kalamu ya Karani
(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa Bondeni, Wilaya ya Kyela)



Namba ya Kitambulisho cha Taifa hutajwa kila siku benki, kwenye simu na katika ofisi za serikali, lakini ni wachache wanaojua inasema nini. Ina tarakimu 20 zilizogawanywa katika mafungu manne. Fungu la kwanza, lenye tarakimu 8, ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa; aliyezaliwa tarehe 4 Machi 1968 huanza na 19680304. Fungu la pili lina tarakimu 5 za mahali pa kuandikishwa, kwa kufuata mpango wa misimbo ya posta: kanda, mkoa, wilaya, kisha kata. Kwa mpango huo misimbo ya Mkoa wa Mbeya, ambao Kyela imo ndani yake, huanza na 53. Fungu la tatu, nalo la tarakimu 5, ni mfululizo unaowatenganisha watu waliozaliwa siku moja na kuandikishwa mahali pamoja. Tarakimu mbili za mwisho huikamilisha namba.

Msingi wa kazi hii ni Sheria ya Usajili na Utambuzi wa Watu ya mwaka 1986. Sheria hiyo ilikaa zaidi ya miaka 20 kabla ya Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa kuanzishwa mwaka 2008, na vitambulisho vya kwanza vilitolewa mwezi Februari mwaka 2013. Tangu hapo namba imeingia katika maisha ya kila mtu mzima. Mwaka 2019 wananchi walitakiwa kusajili upya laini zao za simu kwa alama za vidole na namba hiyo, na mwezi Januari mwaka 2020 laini ambazo hazikusajiliwa zilianza kuzimwa. Mkulima wa kakao wa Ipinda na mvuvi wa Matema walitambua hapo ya kwamba asiye na namba aweza kukosa hata sauti ya ndugu yake.

Baadhi ya watu hudhani namba kama hiyo hutungwa na mashine, na kwamba mashine haikosei. Dhana hiyo yafaa isahihishwe. Mashine hupanga kile ilichopewa, na aliyeipa ni karani. Naye karani aliandika alichosoma katika cheti, katika barua ya kijiji au katika daftari la shule. Namba inayobeba tarehe ya kuzaliwa hubeba pia makosa ya yule aliyeiandika tarehe hiyo kwa mara ya kwanza.

Katika Bondeni jambo hili lina uzito wa pekee. Wazee wengi hawakuandikiwa siku ya kuzaliwa. Mmoja hukumbuka kwamba alizaliwa mwaka wa mafuriko, mwingine mwaka wa Uhuru, mwingine siku chache baada ya Azimio la Arusha. Fomu haina nafasi ya mafuriko. Inataka siku, mwezi na mwaka. Hapo ndipo tarehe 1 Januari au 1 Julai inapopatikana kwa urahisi. Tatizo hili si la Tanzania peke yake. Sweden, iliyoanza kutoa namba za watu mwaka 1947 kwa kutumia tarehe ya kuzaliwa, ilifika mahali namba za baadhi ya siku zikaisha, kwa sababu wahamiaji wengi wasiojua siku zao walikuwa wameandikiwa siku zile zile.

Kwa mtumishi wa umma, kisio la namna hiyo si jambo dogo. Sheria inamruhusu kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na inamtaka astaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Mwalimu ambaye jalada lake la ajira linasema 1966 na namba yake inasema 1968 ana umri wa aina mbili, na siku ya kudai mafao ndiyo siku umri hizo zitakapogombana. Aliyefundisha watoto wa watu miaka 35 hastahili kumaliza miezi ya mwanzo ya uzee wake akipanga foleni kwa ajili ya tarakimu moja.

Majina nayo huongeza mkanganyiko. Majina ya ukoo yaanzayo na Mwa- ni mengi, na watu wasiohusiana huweza kuitwa jina moja. Karani asiyezoea sauti ya «ky» aweza kuandika «ch», na mtoto akatoka shuleni na jina lisilokuwa la baba yake. Namba ilikusudiwa kuondoa utata huo, lakini haiwezi kuunganisha majalada ambayo hayasemi jambo moja.

Kisha upo Mto Songwe. Mto huo ndio mpaka na Malawi, nao umehamahama mara nyingi katika uwanda wa Kyela, hata shamba lililokuwa ng'ambo hii likajikuta ng'ambo ile. Wanyakyusa na Wangonde wanasikilizana lugha, na huoana. Kwa sababu hiyo maombi ya watu wa mpakani huchunguzwa kwa uangalifu, na hilo ni sawa. Lakini lazima ieleweke kwamba uraia hutokana na Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, wala hautokani na jina, lafudhi au upande ambao maji yamepita msimu huu. Mwananchi wa Kasumulu ana haki ya kuhojiwa kwa heshima na kupewa jibu, kama mwananchi wa Dodoma.

Dawa ya tatizo hili inafahamika. Mwaka 2013 Mkoa wa Mbeya ulitangulia nchini katika mpango wa kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka mitano na kuwapa vyeti bila malipo katika zahanati na ofisi za kata. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo atatimiza miaka 18 mwaka 2031. Iwapo tarehe iliyo katika cheti chake ndiyo iliyo katika daftari la shule, namba yake haitakuwa na mgogoro.

Kwa hiyo wajibu ni wa mwalimu mkuu anayepokea mtoto wa darasa la kwanza: adai cheti, anakili jina herufi kwa herufi, na asikisie tarehe. Ni wajibu wa mtendaji wa kijiji anayeandika barua ya utambulisho. Ni wajibu wa kila mtumishi kulinganisha jalada lake na namba yake leo, angali kazini, kwa maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtoto hana uwezo wa kukagua kinachoandikwa juu yake. Aliyeshika kalamu ndiye anayemwandikia miaka yake yote.