Sinia Moja Kambini



Tulipopiga kambi Msitu wa Kakamega tulipika ugali, kunde na kuku. Harufu yake, mashallah! Lakini mwenzetu mmoja akakaa pembeni, eti ameshiba. Kumbe alikosa pesa ya mchango, akaona haya kunawa.

Hapo sisi ndio tulikosea. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba chakula cha wawili chawatosha watatu. Basi safari ijayo, asiye na pesa alete viazi vitamu, au ateke maji, au aoshe sufuria. Kisha Bismillahi, sote sinia moja.

Na Ramadhani hii, kabla hujafuturu, tazama pembeni: nani hajaitwa?

Wabillahi tawfiq.