Mzigo wa Malezi Hautuliwi Shuleni

(Hotuba iliyotolewa Tura mbele ya wanafunzi wa zamani, wazazi, walimu na wanafunzi wa sasa)



Kamati imenitaka niseme machache juu ya wajibu wa mzazi katika kumrudi mtoto, nikilitazama jambo hilo kama Mkristo. Najua katikati yetu wapo ndugu zetu Waislamu, na habari za Tabora haziwezi kusimuliwa bila wao. Nadhani nitakayoyasema hayatakuwa mageni kwao, maana mtoto wa mtaani akiharibika, hakuna anayeuliza kwanza alikuwa akisali wapi.

Nianze na jina la mahali hapa. Waingereza wawili, Burton na Speke, walipita hapa mwaka 1857 wakielekea Kazeh, yaani Tabora. Burton aliandika kuwa jina la Tura maana yake ni "tua", yaani tua mzigo. Misafara iliyotoka pwani ilikuwa imekwisha kuvuka Ugogo, kisha pori la Mgunda Mkali lenye maji ya shida, ndipo ikafika hapa, mlango wa Unyamwezi kwa upande wa mashariki. Mpagazi aliyebeba mzigo wa kilo 30 na zaidi aliutua chini akapumzika. Stanley naye alipita hapa mwaka 1871. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 kazi ya upagazi ilififia, lakini jina limebaki.

Nalitaja jina hili kwa sababu naona wazazi wengi siku hizi wamezifanya shule zetu kuwa Tura. Wamemleta mtoto, wamemtua, wakaenda zao. Lakini mpagazi alitua mzigo ili alale, na alfajiri aliubeba tena mzigo ule ule, maana alijua kuwa mwisho wa safari ataulizwa. Mzazi wetu akimtua mtoto shuleni mwezi wa Januari, mara nyingi hamwinui tena mpaka siku atakapoitwa na Mkuu wa Shule kwa barua.

Ndugu zangu, mimi ni mtumishi wa serikali katika kazi ya ustawi wa jamii, na mambo haya nayaona mezani kwangu. Baba mmoja alinijia na kijana wake wa kidato cha pili. Akasema, "Bwana Afisa, huyu amenishinda. Mchukueni ninyi serikali." Nikamwuliza, "Mzee wangu, mwalimu wake wa darasa ni nani?" Hakumjua. Nikamwuliza rafiki zake kijana ni akina nani. Hakuwajua. Nikamwuliza ni lini mara ya mwisho walikula chakula pamoja. Akamtazama kijana, na kijana akatazama chini. Hapo nikaelewa kwamba mzee yule hakuwa ameshindwa. Alikuwa hajaanza.

Sisemi haya kwa dharau. Huku kwetu, msimu wa tumbaku ukifika, mzazi hulala shambani akilinda moto wa bani, na watoto hubaki na bibi yao, au peke yao, ili wasikose masomo. Tumbaku hiyo hiyo ndiyo iliyonunua madaftari ya wengi waliomo humu. Na sisi tulio maofisini tusijione bora, kwa sababu wengi wetu tunaondoka asubuhi watoto wamelala, tunarudi usiku watoto wamelala. Tangu Januari 2016, kufuatana na Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ada imeondolewa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 nafuu hiyo ikafikishwa kidato cha tano na cha sita. Ni jambo jema sana. Lakini serikali ilifuta ada, haikufuta uzazi.

Sasa nije kwenye fimbo, kwa kuwa ndiyo inayotajwa kila tunapozungumza juu ya nidhamu. Mara nyingi katika mikutano ya wazazi nimemsikia mzazi akimwambia mwalimu, "Mchape tu, mimi nimekuruhusu." Wenzake humpigia makofi. Ndugu wazazi, ruhusa hiyo si yenu kuitoa. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinasema kwamba mwenye mamlaka ya kuchapa ni Mkuu wa Shule, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Kwamba viboko visizidi 4. Kwamba kosa liwe kubwa, na adhabu iandikwe katika kitabu. Nayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza adhabu yoyote ya kikatili au ya kumdhalilisha mtoto. Inasema pia kwamba kumrudi mtoto hakukubaliki kama kumezidi kiasi kwa umri wake na hali yake, au kama mtoto mwenyewe hawezi kuelewa anarudiwa kwa ajili gani. Fungu hilo linatuhusu wazazi kama linavyowahusu walimu.

Mnakumbuka yaliyotokea Bukoba, katika Shule ya Msingi Kibeta, mwezi Agosti 2018. Mtoto wa miaka 13 alituhumiwa kuiba mkoba, akapigwa, akafa, na mwalimu akafikishwa mahakamani kwa shtaka la mauaji. Nyumba ngapi ziliingia msiba kwa ajili ya mkoba mmoja! Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa karibu wavulana na wasichana watatu kati ya kila wanne walikuwa wametendewa ukatili wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18, na wengi walitendewa na watu wao wa karibu, jamaa na walimu. Basi kama kipigo peke yake kingetosha kuleta adabu, taifa letu lingekuwa limekwisha kuhitimu zamani.

Najua kuna Mkristo hapa anayesema moyoni kwamba kitabu cha Mithali kinamwonya mzazi anayeizuia fimbo yake. Ni kweli, na mimi sikusudii kulifuta neno hilo. Lakini tuulize ni fimbo gani. Neno la Kiebrania lililotumika pale, "shebeti", ndilo lililotumika katika Zaburi ya 23 kwa fimbo ya mchungaji inayomfariji kondoo. Katika kitabu cha Mambo ya Walawi ndilo linalotumika tena pale wanyama wanapopita chini ya fimbo, mmoja mmoja, wakihesabiwa. Mchungaji alikuwa na fimbo ili amfukuze mnyama mkali, amrudishe kondoo aliyeacha njia, na jioni alihesabu kundi lake ajue nani hayupo. Mzazi asiyejua mwanawe yuko wapi saa tatu ya usiku, huyo ndiye aliyeizuia fimbo, hata kama mkononi ameshika bakora. Tena Mtume Paulo, akiwaandikia Waefeso na Wakolosai, aliwaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao hata wakakata tamaa. Maonyo hayo mawili yanakwenda pamoja. Asiyemrudi mtoto amemtupa, na amrudiye kwa ghadhabu amemvunja.

Biblia inatupa mfano wa wazazi wawili, na wote wawili walikuwa katika nyumba moja, hekalu la Shilo. Wa kwanza ni kuhani Eli. Wanawe, Hofni na Finehasi, walinyang'anya nyama ya sadaka na kuwaonea watu. Eli alipata habari kutoka kwa watu wengine, tena uzeeni, akawaonya kwa maneno, akaishia hapo. Alihukumiwa kwa kuwa alijua na hakuwazuia. Wakati huo huo Eli alikuwa akimlea vizuri sana mtoto wa mtu mwingine, Samweli. Ndugu walimu, ndugu wachungaji, ndugu watumishi wenzangu, tusisome habari hiyo upesi upesi. Inawezekana mtu akawa hodari wa kulea watoto wa umma, na wake mwenyewe wakamponyoka.

Wa pili ni Hana, mama yake Samweli. Hana alimpeleka mtoto wake Shilo akiwa mdogo, akamwacha huko, kama vile sisi tunavyowapeleka watoto shule ya bweni. Lakini kila mwaka alipanda kwenda Shilo na mumewe, naye alimchukulia mtoto kanzu ndogo aliyomshonea. Hebu tuifikirie kanzu hiyo. Ya mwaka jana haimtoshi mtoto mwaka huu. Ili kumshonea nyingine, sharti Hana awe amemtazama vizuri mwanawe, amejua amerefuka kiasi gani. Mtoto alikuwa chini ya mkono wa kuhani, lakini kipimo chake kilikuwa kwa mama. Huo ndio wajibu ninaousema. Pesa unaweza kuzituma kwa simu ukiwa Dar es Salaam au Mwanza, lakini kipimo cha mtoto hakipatikani kwa simu.

Kwa hiyo naomba tushike mambo matatu.

Kwanza, mzazi awepo. Kama kazi inakulaza shambani au safarini, mwachie mtoto mtu mzima anayejulikana, mwenye jina, ambaye mwalimu anaweza kumwita. Sheria yenyewe inadai hivyo, kwamba mzazi asipokuwapo, mtoto awe chini ya mtu anayeweza kumtunza. Kumwachia mtoto wa miaka 15 funguo za nyumba si malezi.

Pili, mzazi arudi mwenyewe, mapema, na kwa kosa lililotajwa. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kijana akizembea na ng'ombe wakala mahindi ya jirani, fuatana naye mpaka kwa jirani huyo. Aombe radhi kwa kinywa chake, wewe umesimama kando yake, kisha Jumamosi zake mbili akalime shamba lile lile alilolihasiri. Kazi hiyo itamfundisha thamani ya mahindi kuliko viboko ishirini. Nawe ukiona hasira imekupanda, ngoja mpaka asubuhi. Kosa haliozi kwa usiku mmoja.

Tatu, mzazi atangulie. Katika misafara ile kiongozi, aliyeitwa kirongozi, alitembea mbele, na wengine wakafuata nyayo zake. Baba anayerudi amelewa hawezi kumkanya mwanawe juu ya gongo, na mama anayemtuma mtoto kumwambia mdai kwamba "mama hayupo" amekwisha kutoa somo la uongo.

Hata hivyo tusimcheke mzazi ambaye mtoto wake amepotea. Samweli yule yule alikuwa mtu safi, lakini wanawe Yoeli na Abiya, aliowaweka kuwa waamuzi huko Beer-sheba, walipokea rushwa. Mtoto si tofali, kwamba ukimkandika vizuri lazima atoke sawa na kalibu. Ana hiari yake mwenyewe. Sisi tutaulizwa juu ya kazi yetu, na tuliye karibu na mzazi wa namna hiyo tumsaidie badala ya kumnyoshea kidole.

Nanyi vijana, msifurahi mkidhani leo nimewatetea peke yenu. Sheria ile ile ya mwaka 2009, fungu la 15, inawapa ninyi pia wajibu wa kuwaheshimu wazazi na wakubwa, na kuwasaidia wanapohitaji. Yesu alipokuwa na miaka 12 aliwashangaza walimu hekaluni, lakini baadaye alirudi Nazareti na wazazi wake akawatii. Usomi haukumwondolea utii. Lakini utii si kunyamaza mtu anapokutesa. Kama nyumbani au shuleni unaumizwa, mwambie mwalimu unayemwamini, au mchungaji, au sheikh, au afisa ustawi wa jamii; na ipo simu ya watoto, namba 116, isiyolipiwa.

Ndugu Mwenyekiti, nina ombi moja kwa chama chetu. Siku ya mkutano wa wazazi, viti vingi huwa vitupu kwa kuwa wazazi wako mbali. Sisi tunaokaa karibu na shule tujigawe, kila mmoja achukue wanafunzi watatu au wanne ambao wazazi wao hawawezi kufika, kwa kibali cha Mkuu wa Shule na cha wazazi wenyewe. Tukae katika viti hivyo, tutazame madaftari, tuongee na mwalimu wa darasa, kisha tumwandikie mzazi yale tuliyoyaona. Hatutachukua nafasi ya mzazi yeyote. Tutamkumbusha tu kuwa mtoto amerefuka, na kanzu ya mwaka jana haimtoshi tena. Kama ombi hili litakubaliwa, naomba jina langu liandikwe la kwanza.