NJIA NI YETU, NA KHABARI YAKE NI HAKI YETU

(Hotuba iliyosomwa na Katibu wa tawi mbele ya mkutano wa wanachama na wakaazi wa mtaa, Ng'ambo, Unguja)

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu, mabibi na mabwana, ndugu zangu wananchi,



Nimetakiwa na Halmashauri ya tawi niseme machache juu ya jambo ambalo limejaa barazani na sokoni wiki hizi, nalo ni kuchimbwa kwa njia yetu hii.

Khabari yenyewe twaijua kwa vipande. Walikuja watu wenye kamba na darubini za kupimia, wakapiga vigingi, wakatia alama za rangi nyekundu katika kuta na vizingiti vya maduka, kisha wakaenda zao. Hapana karatasi iliyobandikwa, wala sheha hakupewa barua ya kutusomea. Mzee mmoja wa mtaa huu aliuliza kazi itaanza lini, akajibiwa: "Mtaambiwa wakati ukifika." Mabwana, wakati huo kwa mwenye duka ni asubuhi ile anapofungua mlango akakuta tingatinga limesimama barazani pake.

Kwanza nataka kuondoa shaka moja, maana wako watakaotoka hapa na kwenda kusema kwamba chama chetu kinapinga maendeleo. Hatuipingi njia. Njia hii ina mashimo, na kila mwenye baskeli, kila dereva wa daladala na kila mama aliyembeba mtoto usiku kwenda hospitali anaijua vizuri kuliko anayeisoma katika ramani. Twataka itengenezwe. Tunalopinga ni kutengenezewa njia kama kwamba hapana watu wanaokaa kandokando yake.

Ndugu zangu, mji huu umechorwa mara nyingi. Mwaka 1923 Bwana Lanchester aliandika mpango wake. Mwaka 1958 ukaja wa Bwana Kendall. Mwaka 1968 wakaja wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki. Mwaka 1982 wakaja Wachina. Baada ya Mapinduzi ya 1964 yalijengwa majumba ya Michenzani, na njia pana zikapasuliwa katikati ya mitaa iliyokuwa na nyumba za watu. Sijapata kumsikia mzee wa Ng'ambo akisimulia kwamba alikalishwa pamoja na wachoraji wa ramani hizo akaulizwa maji ya mvua hupita wapi.

Na habari ya maji ndiyo kubwa. Watoto wetu huuliza kwa nini pale sokoni paitwa Darajani ilhali hapana daraja. Palikuwapo daraja, na chini yake hori ya bahari ikijaa na kupwa, ikiutenga Mji Mkongwe na upande wetu. Ndiyo sababu upande wetu ukaitwa Ng'ambo. Hori ile ilifukiwa kidogo kidogo enzi za Mwingereza. Bahari ikafukiwa, lakini mvua haikupelekewa khabari. Ikinyesha masika, maji hushuka yakitafuta mkondo wake wa zamani, na yakikosa mtaro huingia majumbani.

Kwa hivyo yatupasa sote tufahamu njia hujengwaje, ili tusidanganywe na weusi wa lami. Lami ni kifuniko tu. Nguvu ya njia imo chini yake, katika kifusi na kokoto zilizoshindiliwa tabaka juu ya tabaka. Maji yakipenya chini na yasipate pa kutokea, lile tabaka hulegea. Gari likipita juu, lami huvunjika. Mvua ya pili hufanya ufa kuwa shimo. Ndiyo maana mtaro hutangulia, kisha mabomba ya maji na nyaya, na lami huja mwisho. Akianza mtu na lami, atakuja mwenye bomba aikate, kisha mwenye nyaya aikate tena, na kila kiraka ni mlango wa maji. Sote tumekwisha kuona njia mpya ikichimbwa kabla haijatimiza mwaka. Waliochimba hawakuwa wabaya. Ni kwamba idara moja haikujua nyingine inakusudia nini. Na gharama ya kutojuana huko hutoka katika kodi ya muuza mchicha.

Tuwe waadilifu vile vile. Mradi wa huduma za mji uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulioidhinishwa mwaka 2011, ulijenga mitaro ya maji ya mvua na ukuta wa pwani ya Mizingani, na hilo hatuwezi kulikana. Katika miaka hiyo hiyo palikuwa na mpango ulioitwa Ng'ambo Tuitakayo, ambamo maofisa wa mipango miji waliingia mitaani wakawauliza wakaazi wanathamini nini na wanataka nini. Basi hatuombi jambo geni. Serikali yenyewe imekwisha kuonyesha kwamba kuuliza kunawezekana. Twauliza kwa nini kilichowezekana wakati ule kisiwezekane leo, kwa njia moja tu.

Sasa nitasema juu ya khasara. Miaka iliyopita, kabla sijahamia mtaa huu, palichimbwa mbele ya nyumba yetu kwa ajili ya bomba. Tuliambiwa siku tatu. Handaki likakaa wazi hata mvua zikalijaza. Jirani yetu mmoja alikuwa fundi cherehani, na msimu wake ni mwezi wa Ramadhani, watu wanaposhona nguo za Idi. Mwaka ule wateja hawakuweza kumfikia. Vitambaa alikuwa amevikopa, akavilipa kwa kuuza cherehani ya pili. Na usiku mmoja palitoka maiti katika nyumba ya nyuma. Jeneza likapitishwa juu ya mbao mbili, vijana wakiwa ndani ya matope mpaka magotini ili lisianguke. Hapana mtu aliyeandika khasara hiyo katika hisabu ya kazi ile. Iliandikwa urefu wa bomba tu.

Njia hii yetu ikifungwa bila ya mpango, hayo yatazidi. Daladala zikigeuzwa upande wa pili, mtoto wa skuli atapanda gari mbili badala ya moja, na mzazi atalipa nauli mara mbili. Hamali mwenye rikwama hatapita. Mgonjwa atachukuliwa kwa kiti. Na zile nyumba zetu za mawe na chokaa zilizoezekwa juu ya boriti haziwezi kustahamili mtikisiko wa mashine ya kushindilia kama nyumba ya saruji na nondo. Ukuta uliokuwa na ufa wa unywele utafunguka. Nani atakuja kusema ufa ule ulikuwapo au haukuwapo?

Kwa sababu hizo, tawi letu linapendekeza mambo sita, na naomba mkutano uyapime.

La kwanza, kabla ya jembe la kwanza kupigwa, libandikwe tangazo kwa Kiswahili katika misikiti, skuli, soko na afisi ya sheha, likitaja siku ya kuanza, siku ya kumaliza, na jina la mtu wa kuulizwa.

La pili, wenye maji, wenye umeme na wenye simu waitwe pamoja, kila mmoja achimbe anachotaka kuchimba sasa, na mtaro utangulie lami.

La tatu, njia ichimbwe nusu kwa nusu na kipande kwa kipande. Upande mmoja ubaki wazi kwa watu, kwa gari la wagonjwa na la zimamoto, na kila mlango uwekewe daraja la mbao madhubuti lenye mkono wa kushikia.

La nne, kazi isianzwe katika masika, wala soko lisifungwe katika kumi la mwisho la Ramadhani. Kalenda hiyo haihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo ya bahari.

La tano, nyumba zote za kandokando zikaguliwe na kupigwa picha kabla ya mashine kuingia, na mwenye nyumba apewe nakala. Atakayepata madhara ajue atadai kwa nani.

La sita, wachuuzi wasifukuzwe tu. Waonyeshwe pa kukaa kwa muda ule, na wahakikishiwe kwa maandishi kwamba watarudi mahali pao.

Haya hatuyaombi kama sadaka. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, katika kifungu chake cha 18, inampa kila raia haki ya kupewa taarifa juu ya mambo yaliyo muhimu kwa maisha yake na shughuli zake. Kama njia ya kwenda dukani kwako, skuli na makaburini si muhimu kwa maisha yako, basi sijui kilicho muhimu ni kipi.

Lakini, ndugu zangu, haki haitembei peke yake. Ina mwenziwe, naye ni wajibu. Wako kati yetu waliojenga vibaraza na vibanda juu ya mitaro. Wako wanaotupa taka humo, kisha mvua ikija wanaikamata Serikali kwa kola. Tukitaka wenzetu watekeleze yao, sisi tuanze na yetu. Nashauri kila mwenye kibanda juu ya mtaro akiondoe mwenyewe kabla hajaambiwa, ili siku tutakapokwenda kuzungumza tusiwe na la kunyooshewa kidole.

Vile vile nashauri mkutano uchague watu saba: wawili wenye maduka, wawili miongoni mwa mabibi, mchuuzi mmoja, dereva mmoja na mzee mmoja. Wasichaguliwe kwa kadi za chama. Shimo halimuulizi mtu kadi kabla hajatumbukia. Watu hao waandike barua yenye mambo haya sita, waipeleke kwa mikono yao, na wadai jibu la maandishi.

Wako watakaosema, "Nyamazeni, msije mkanyimwa njia." Wazee walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kazi yetu sisi wa upinzani si kusifu, wala si kutukana; ni kuonja tembo na kusema kweli kama limetiwa maji.

Alama nyekundu zimo ukutani. Vigingi vimekwisha kupigwa. Muda tulio nao ni huu uliobaki kati ya kigingi na jembe, nao si mrefu. Basi tusitoke hapa leo bila ya majina ya watu saba.